Nilisoma Siri za Wifi Yangu Kwenye Kompyuta Yangu

Msinitafutie kisingizio. Kosa ni langu, nililifanya na akili zangu timamu, mchana kweupe, kashata mkononi. Nikijikumbuka nilivyokuwa, nachefukwa.

Mimi ni mke wa mtu hapa Bagamoyo. Nashona nguo nyumbani, na mitindo yangu yote naitoa mtandaoni. Mume wangu yuko kwenye mashamba ya miwa Makurunge, anarudi Ijumaa. Kwa hiyo kompyuta ya nyumbani mtawala wake ni mimi.

Kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, nilikichagua mwenyewe. Fundi wa kompyuta aliniwekea viwili nijaribu, nikachukua kile kinachokumbuka kila kitu. Unatafuta gauni kwenye simu, ukifika nyumbani unalikuta kwenye kompyuta. Raha iliyoje!

Fundi akaniambia, "Dada, hiki kinataka usafi. Historia yako uwe unaifuta. Kikiomba kusasishwa, kisasishe. Na siku ukigawa simu, toa akaunti yako kwanza."

Nikamcheka. "Fundi nawe! Kwani mie nina siri gani?"

Usafi! Vitufe vya kompyuta yenyewe vilikuwa vinanata sukari. Kurasa zimefunguliwa hazihesabiki, matangazo ya dawa za tumbo na wanawake nusu uchi yanarukaruka, kila kilichoniomba ruhusa nilikiruhusu. Nilifanya kazi humo kama mtu anayepika juu ya vyombo vya jana.

Mume wangu aliponinunulia simu mpya, ile ya zamani nikampa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anayekaa Kaole na mama yao. Nitamwita Mwanaidi, si jina lake. Alikuwa ameposwa na kijana wa Pangani, wanasubiri tu amalize nyumba. Nikafuta picha zangu, nikafuta meseji. Akaunti yangu kwenye kivinjari nikaiacha humo.

Hapo nilisahau tu. Laiti ingeishia hapo!

Baada ya siku chache nafungua kompyuta, nakuta kwenye historia mambo ambayo sikuyatafuta. Hina za maharusi. Namna ya kumwandikia mchumba. Mume akikasirika ufanye nini. Nikacheka peke yangu! Nikajua ni Mwanaidi. Kila anachokiuliza kule Kaole kinatua kwangu.

Pa kubonyeza ili nimtoe nilipajua, fundi alinionyesha. Sikubonyeza! Ikawa nikimaliza kuswali adhuhuri, nachukua kashata zangu, nakaa, nasoma mambo ya mtoto wa watu kama gazeti. Astaghfirullahi! Natoka kwenye mswala naenda moja kwa moja kumla nyama wifi yangu.

Mwezi wa nne wa kusoma, nikakuta mistari miwili imefuatana. Wa kwanza: "titi linatoa maji na sina mimba". Wa pili: "uvimbe kwapani hauumi ni nini".

Niliiona yote miwili, sitawadanganya. Ila roho yangu chafu ikachukua ule wa kwanza tu, na huo nao ikaukata mkia. Nikasema, asiye na mimba ataitajaje mimba?

Kesho yake nikapanda bajaji mpaka Kaole. Mama mkwe nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko mjini?"

"Hatujambo. Mwanaidi yuko wapi?"

"Kalala. Siku hizi hana raha yule mtoto."

"Mh!"

"Mh ya nini?"

"Aa, mie sisemi, mama. Ila mtazame mwanao kifua. Halafu hesabu siku zake."

Ungo ukamponyoka. "Yailahi! Usiniambie! Nitauweka wapi uso wangu mbele ya watu wa Pangani?"

Ningeweza kumwambia, mama, mtoto anaumwa, ana uvimbe. Tulikaa mkeka mmoja! Nikainama nikamsaidia kuokota mchele.

Kuanzia siku ile Mwanaidi hakutoka nje. Akiomba kwenda hospitali, mama anamuuliza, "Hospitali kufuata nini? Wakuone nani?" Akaitwa somo yake, yule mama mtu mzima aliyemfunda alipovunja ungo, aje ampapase tumbo. Mtoto analia chumbani, na mimi niko ukumbini nakunywa chai ya tangawizi. Niliisikia sauti yake. Niliongeza sukari.

Somo akatoka, akasema, "Hakuna kitu. Huyu binti ni mzima, msimsingizie."

Niliona haya? Wapi! Nikasema, "Labda bado changa."

Yaani mdomo huu! Natamani niusugue kwa jivu.

Na haukutulia. Mteja wangu mmoja, nikiwa nampima gauni, nilimnong'oneza na yeye. Neno likasafiri likiwa na nyama zaidi ya nilivyolituma. Watu wa Pangani wakatuma mtu kwa adabu zote, akanywa kahawa, akasema kijana amesita. Posa ikafa pale pale barazani.

Ilipita miezi mitatu ndipo mama mkwe akaona damu kwenye kanga ya mwanawe. Wakampeleka Dar. Daktari akawauliza, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Mama mkwe akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Jibu nilikuwa nalo mimi, nimesimama nyuma yake nimeshika chupa ya uji.

Titi likakatwa. Yu hai, alhamdulillahi, dawa anaendelea nazo. Ila nywele zimekwisha, na ile hina aliyokuwa akiitafuta hajaipaka.

Nilikuja kusikia baadaye ilivyokuwa. Pale wodini, mgonjwa wa kitanda cha jirani alimsaidia kutafuta kitu kwenye simu. Akamwuliza, "Huyu nani?" Pembeni ya kivinjari palikuwa na jina langu na picha yangu, nimevaa mtandio wa njano natabasamu. Yule mwenzake ndiye aliyemweleza maana yake.

Siku hiyo mimi niko nyumbani nafungua kompyuta. Ndiyo, nilikuwa bado nasoma! Mtoto kakatwa titi, na mimi bado nasoma!

Nikakuta mistari mitatu.

"wifi najua unasoma"

"niliandika sina mimba"

"ungeniuliza ningekwambia"

Baada ya hapo hakuna kitu. Akaunti yangu aliitoa mwenyewe, siku ile ile aliyojua kuwa imo.

Msinionee huruma, nilistahili. Mume wangu nilimweleza mwenyewe Ijumaa ile. Hakunipiga, hakunitukana. Ila tangu siku hiyo, akiingia ndani anaifunika simu yake kifudifudi, na akienda kuoga anaenda nayo. Namwona.

Kompyuta nimeisafisha sasa. Nimefuta vitufe, nimefunga zile kurasa, matangazo nimeyanyima ruhusa, kivinjari nimekisasisha. Historia yote nimeifuta isipokuwa ile mistari mitatu. Kila nikitaka kuifuta mkono unakataa.

Kwa Mwanaidi nimekwenda mara mbili. Ananiitikia salamu, ananiwekea kiti, ananiletea maji. Wifi haniiti tena. Ananiita dada, kama anavyomwita muuza duka.

Jamani, nawaomba. Ukimpa mtu simu yako, kwanza toa jina lako humo ndani. Na ukisahau, ukaja kukuta mambo ya mwenzio yametua kwako, usisome mstari wa pili. Funga. Mpigie, mwambie, "Wifi, akaunti yangu imebaki kwenye simu yako, njoo niitoe." Basi. Maneno hayo hayamalizi hata dakika. Mimi nilikaa nayo mdomoni miezi minne, na nilipofungua mdomo nikasema mengine.