Goti la Mama Mkwe

Nimeshika magoti mengi mpaka nimeyachoka. Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa wa zahanati moja huko Mbozi, nafunga vidonda na kugawa dawa peke yangu, daktari akipita mara moja kwa mwezi. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima goti lililoumia. Kwanza uliza: ulisikia mlio gotini ulipoumia? Lilivimba papo hapo, au kesho yake? Likivimba upesi, ndani kuna damu, shuku kano imekatika. Kisha mlaze mgonjwa, kunja goti, kalia wayo wake, shika muundi kwa mikono miwili uvute kuja kwako. Anza na mguu mzima, ujue wa mtu huyo ukoje. Ule mbovu ukivutika kama mtoto wa meza, kano imekwenda. Mfunge ubao, mpeleke hospitali ya Mbeya kwa lori.

Rahisi, eti. Haya, kalia mguu wa mama mkwe wako.

Kwetu siku zile mwanamume hakuingia hata chumba alichomo mama mkwe, sembuse kumgusa. Mkikutana njiani, unaingia porini apite. Na huyu wangu alikuwa mjane, kahawa yake analima mwenyewe kwenye mteremko, na hiyo ndiyo iliyomlisha. Akateleza na kikapu mgongoni, mguu ukanasa kwenye mzizi, mwili ukageuka. Kesho yake asubuhi wakamleta kwa machela.

Nilisimama nje, nimeupa mlango mgongo. Mke wangu alikuwa ndani na mama yake.

"Muulize kama alisikia mlio," nikasema.

"Anasema hakusikia kitu."

"Lilivimba saa ngapi?"

"Anasema leo alipoamka."

Nikamwelekeza mke wangu akalie, ashike, avute. Sijui alivutaje. Mama bila shaka alikuwa amekaza paja kwa maumivu, na paja likikazwa huuzuia muundi; tena binti gani atamvuta kwa nguvu mama yake anayeugulia? Akaniambia halisogei. Nilifurahi, nakiri. Niliandika kwenye daftari kwamba goti limeteguka kidogo, nikatoa bandeji na dawa ya kuchua, nikaenda zangu kula.

Kwa miezi minne goti likawa linamlegea ghafla kila akishuka shambani. Akaanguka, akaanguka tena, mwisho akawa anashinda kibarazani huku kahawa ikiiva na kudondoka chini. Mke wangu akachuma alichoweza. Mimi niliikasirikia mila, na nafsi yangu zaidi. Siku moja nikapiga hodi, nikaomba radhi, nikaingia. Mke wangu alijifunika uso kwa kanga. Nikakalia ule wayo, nikavuta. Muundi wote ukaja, hakuna kilichouzuia. Daktari alipopita nilimweleza. Akasema tumechelewa, kulifunga sasa ni kupoteza plasta bure.

Nilirudi kumpa jibu hilo. Mama mkwe aligeukia ukutani, lakini alisema nami mwenyewe, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mkwe wangu, mlio niliusikia. Na lilivimba kabla hata hawajaniinua pale chini. Nilikataa kwa sababu nilijua ningesema kweli ungelazimika kuingia."