Wino Mwekundu Juu ya Bibi

Wiki tatu baada ya kumzika mama yangu, binti yangu wa darasa la tano alirudi kutoka shule amekumbatia daftari la Kiingereza, hataki nilione. Nikalinyang'anya.

Walipewa insha ya siku ya huzuni. Mtoto aliandika juu ya bibi yake, aliyemlea mtaani Nateete wakati mimi nahangaika na duka sokoni Kikuubo. Aliandika neno died, basi. Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu, juu yake akaweka kicked the bucket. Kisha akamsimamisha asome sentensi hiyo kwa sauti. Darasa zima likacheka.

Nikalitia daftari mkobani. Mimi nimeishia sekondari, lakini najua maneno hayo ni ya mzaha, ya kumsema mtu ambaye kifo chake hakikuumi. Ni kama kusimama matangani ukatangaza kwamba bibi wa watu kadanja.

Asubuhi nikaenda na binti yangu shuleni. Mwalimu ni kijana Mkenya, shati limepigwa pasi hadi linang'aa.

"Mama, tulia. Insha bila nahau tatu inakosa maksi. Hiyo ndiyo Kiingereza yenye mtihani inataka."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko, tunashukuru Mungu."

"Akifa, utamwomba hedimasta ruhusa kwa maneno haya?"

Akacheka, meno yote nje, kama anayenitongoza. Mtu mzima! Ningeweza kumtapikia viatu.

Nyuma yake palikuwa na ubao wa matangazo. Karatasi yenye mhuri wa shule ilisema mwalimu mwenzao amefiwa na mama, kwa Kiingereza kilichonyooka, cha heshima. Nikamvuta mkono wa shati nikamgeuza.

"Soma hapo. Nahau tatu ziko wapi? Mama zenu wanafariki, wetu ndio wa kuchekwa?"

Akachukua daftari, akatoa kalamu yake, akayakata yale maneno yake, akaweka tiki juu ya neno la mtoto. Kitiki kidogo, cha kinyongo.

"Pole, mama."

"Mimi sikuandika insha."

Akamtazama binti yangu. "Pole kwa nyanya yako."

"Mwalimu," mtoto akasema, "nyuma hukusoma."

Akageuza ukurasa. Pale alipoeleza kwamba bibi alikufa akimsuka, nywele zimesukwa upande mmoja tu, hapakuwa na hata nukta nyekundu. Hakuwahi kufika huko, mshenzi yule.

"Soma," nikamwambia. "Tunangoja."

Akasoma kwa sauti, amesimama.