Nilivyomgombeza Mbunge wa Wenyewe

Leo nimemgombeza mbunge mbele ya watu, mkononi nina mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani.

Nilikuwa nimevuka mpaka pale Busia kununua hizo omena. Huvuka kila wiki, hata huwa nasahau kwamba ng'ambo ni Kenya.

Nikakuta umati. Mheshimiwa alikuwa akieleza aliyoyasema bungeni: mbegu za muhogo, nyavu za wavuvi, umeme wa vijijini.

Umeme!

Marehemu mume wangu, Owor, alifunga balbu sebuleni kabla nyaya hazijafika. Alifariki mwaka jana akizingoja. Balbu bado naipangusa vumbi kila Jumapili. Alikuwa akisema siku atakayomwona mbunge, atamuuliza.

Basi nikauliza kwa niaba yake. Kwa sauti.

"Mheshimiwa, nguzo zimesimama Paya mpaka tunafungia mbuzi! Nyaya ziko wapi? Kura yangu uliila?"

Mheshimiwa akanigeukia.

"Mama," akasema polepole, "Paya iko wadi gani?"

"Paya ya Tororo! Umeshasahau?"

Watu wakaangua kicheko. Muuza samaki akanivuta mkono. "Mama yangu, huyu ni wa Kenya. Wako yuko Kampala!"

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na omena.

Lakini mheshimiwa hakucheka. Alitoa kalamu, akaandika "Paya" kiganjani, akasema atamuuliza mwenzake wa upande wetu.

Haya, nichekeni, nimestahili. Ila wangu mwenyewe nimempigia kura mara tatu, na sijawahi kumwona akishika kalamu.