Basi Lililokosa Magurudumu

Mwezi uliopita nilikuwa safarini kwenda Arusha. Basi letu lilipokuwa likiingia Korogwe, dereva akapiga honi mara mbili, fupi fupi, kumwondoa mbuzi aliyesimama barabarani. Kabla sijafikiri lolote, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, kwa sauti iliyofika viti vya mbele, "Marahaba!"

Kijana aliyeketi kando yangu, aliyekuwa akisinzia tangu Segera, akazinduka. "Shikamoo mama," akasema kwa haraka, macho chini. "Samahani, sikukuamkia tulipopanda." Nikamwambia hakunikosea kitu. Ningemwelezaje kwamba nililoliitikia ni basi, na kwamba zamani, katika mji huu huu, mabasi yaliamkia watu na watu wakayaitikia? Nikageukia dirisha. Mahali palipokuwa lango la karakana sasa pana kituo cha mafuta na vibanda vya chipsi.

Wewe unayesoma huenda hukuiona karakana ile, kwa hiyo niruhusu nikuonyeshe. Ilikuwa baina ya reli na barabara kuu, paa lake la mabati limegeuka jekundu kwa kutu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuunda mabodi ya mabasi ya Korongo. Hilo halikuwa jina lake la kiwandani. Kiwanda kilikuwa ng'ambo, katika mji ambao baba hakuweza kulitamka jina lake hata baada ya kulisoma miaka mingi ubavuni mwa masanduku. Ila kila gari lilikuja na nembo ya bati puani, ndege mwenye miguu mirefu amesimama, na watu wetu, wakimtazama ndege yule, wakaliita gari Korongo. Magari hayo yalikuja kutoka Tanga kwa treni yakiwa chasisi tupu: uti wa mgongo wa chuma, injini na magurudumu, bila ukuta wala paa. Mengine yote yalifanywa na mikono ya Korogwe. Mbavu za mvule zilichongwa na maseremala, na baba ndiye aliyekuwa mkuu wao. Mabati yalipigwa na mafundi wengine, kisha fundi wa kupaka rangi, mpaka rangi wetu, akamalizia, na viti vilishonwa na wanawake, mama yangu miongoni mwao, wakivijaza mabaki ya mkonge kutoka mashambani. Baba alirudi nyumbani akinuka vumbi la mbao, mama akinuka mkonge, na mimi nililala kati ya harufu hizo mbili nikidhani ndizo harufu za wazazi wote duniani.

Basi lilipokamilika lilitolewa, na nasema lilitolewa kwa maana ileile ya mtoto mchanga anayetolewa nje kwa mara ya kwanza. Mafundi walipanda na wake na watoto wao, tukapelekwa mpaka Mombo kulijaribu. Kule, chini ya milima, baba alininunulia mapeasi yaliyoteremshwa kutoka Lushoto na hindi la kuchoma lililonichoma vidole. Tukirudi, dereva alipunguza mwendo mbele ya lango la karakana akapiga honi mara mbili. Hiyo ilikuwa shikamoo. Mpaka rangi, aliyebaki makusudi kwa ajili ya saa ile, alikigonga kipande cha reli kilichoning'inia langoni, kisha wote wakapaza sauti, "Marahaba, mwanetu!" Tangu siku hiyo, kila mara basi lile lilipopita Korogwe, hata likiwa limejaa abiria na limechelewa, liliwaamkia waliolizaa. Sisi watoto tuliyajua kwa sauti. Tukiwa mtoni kuchota maji tulisikia honi, mmoja wetu akasema, "Lile la Handeni," na hakubishiwa, kwa kuwa sauti yake ilikwaruza kidogo kama mtu mwenye mafua.

Baba aliingia karakana ile mwaka wa Uhuru, akiwa kijana. Babu yangu mzaa baba alikuwa ameletwa Korogwe kutoka kusini kukata mkonge, na alipofariki alizikwa katika makaburi ya kambi, ambayo baadaye yalipandwa mkonge juu yake. Baba hakuwa na shamba la ukoo wala kaburi la kuonyesha. Mshambaa mwenyeji alipouliza, "Wewe kwenu wapi?" baba alinyoosha kidole barabarani, kwenye Korongo lolote lililokuwa likipita, akajibu, "Kwetu ndiko kule kunakokwenda." Watu walicheka. Mimi nilimaliza chuo kikuu ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akitania.

Kisha chasisi zikaanza kuadimika. Msimamizi wa karakana alisema fedha za kigeni ni shida, na redio ilisema vivyo hivyo. Treni ilikuja kutoka Tanga na mabehewa ya saruji, ya mbolea, bila Korongo hata moja. Wanawake wa viti ndio waliokuwa wa kwanza kuambiwa wapumzike nyumbani. Mama aliuchukua mkasi wake mkubwa, akaufunga katika khanga, akaanza kuuza vitumbua stendi. Alikuwa mtu wa kuona mbali na wa maneno machache. Aliona kwamba mabasi yaliyopita langoni yalikuwa yale yale, na kila mwezi yalipungua.

Wakati huo kwao mama, upande wa Handeni, watu walikuwa wakihamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Bibi yangu mzaa mama akatuma neno kwamba familia zinagawiwa viwanja kabla ya mvua, na binti yake asichelewe. Nakumbuka jioni hiyo kwa sababu tulikula bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga, na mchunga ule ulikuwa mchungu kupita siku zote.

"Mvua hazitatungoja," mama alisema.

"Chasisi zikifika na mimi sipo, nani atapima mbavu?"

"Baba watoto, zikifika watakuita."

"Wataniita wapi? Ukweni?" Baba alilisukuma bakuli la mboga. "Nikae kwa mama mkwe nilishwe kama kuku wa kufugwa? Hapa mimi ni fundi. Kule nitakuwa mume wa fulani."

 Mama alimmegea kipande kingine cha bada, akakiweka mbele yake, na mvua za mwaka ule zikapita tukiwa Korogwe.

Nadhani ni kwa kuogopa jibu ambalo mama alikuwa hajalitoa, zaidi ya kuogopa njaa, kwamba baba alipata wazo lile. Ilivuma kwamba meli yenye chasisi imekwisha kutia nanga Tanga. Baba akawaambia wenzake wasingoje. Vipimo vya Korongo walivijua kwa moyo. Mbao zilikuwapo, mabati yalikuwapo. Kwa nini wasiunde bodi mapema, juu ya magogo, ili chasisi ikifika iwekewe tu na basi litolewe siku ile ile? Msimamizi, ambaye naye alihitaji kuona watu wakifanya kazi, akakubali. Walifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa watu wazima. Mama aliitwa kushona viti, akaenda na mkasi wake, na kwa muda mfupi nyumba yetu ikanuka tena vumbi la mbao na mkonge. Mpaka rangi alilipaka kijani ya majani ya chai ya mashamba ya Dindira. Likasimama juu ya magogo yake likimeremeta, na kila aliyelitazama aliona limebakiza kupumua tu.

Chasisi ilikuja. Ilikuja moja, na haikuja kwa treni. Ililetwa na dereva kwa barabara, naye amekaa juu ya sanduku, vumbi limempaka mpaka kope. Watu walijaa langoni. Mimi nilibebwa begani na mpaka rangi, kwa hiyo nililiona lile ambalo wengine hawakuliona upesi: puani hapakuwa na ndege.

"Nembo imedondoka njiani," mtu mmoja alisema.

"Haijadondoka," alijibu dereva. "Hili ni la kampuni nyingine."

Walilinyanyua bodi kwa winchi hata hivyo, taratibu, kama mtu anavyomnyanyua mgonjwa, wakalishusha juu ya chasisi ile. Halikukaa. Magurudumu yaliangukia penye ngazi, si penye matundu yake. Nyuma ilizidi kwa shibiri nzima na zaidi. Walilinyanyua wakalishusha tena, safari hii wakilisukuma kushoto, na baba akilala chini ya chuma akipima, akipima tena, kana kwamba futi ya seremala ingeweza kubadili mawazo. Mpaka rangi, ambaye hakuweza kunyamaza hata msibani, akasema, "Jamani, mmemshonea bibi harusi, akaja shangazi yake." Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika.

Msimamizi akatueleza pale pale, akiwa ameshika kofia mkononi. Kiwanda cha Korongo kule ng'ambo kilikuwa kimefungwa. Korongo halitaundwa tena. Magari yatakayokuja yatakuja yamekamilika, na paa lake na viti vyake.

Baba alitoka chini ya chasisi, grisi usoni. Nilidhani atauliza habari ya kazi yake. Aliuliza, "Na wale waliokuwa wakiyaunda kule, wameambiwaje?"

"Sijui," alisema msimamizi. "Nadhani wameambiwa kama ninavyowaambia ninyi."

Bodi lilikuwa likiziba njia ndani ya karakana. Msimamizi alimwambia baba akitaka alichukue, la sivyo litavunjwa kuni. Ndivyo tulivyohamia Handeni: shamba jirani la mkonge lilitusaidia trekta na tela, basi likapakiwa juu ya tela, na mama akaketi ndani, katika kiti alichokishona mwenyewe, na masufuria mapajani. Baba alichukua pia kipande cha reli cha langoni. Watoto wa Korogwe walitufuata mpaka nje ya mji wakipiga kelele, "Basi limepanda gari! Basi limepanda gari!" Baba hakuketi nasi ndani. Alikaa na dereva wa trekta, uso mbele, na sikumwona akigeuka.

Kijijini walilipenda. Lilishushwa kando ya barabara, likawa darasa la elimu ya watu wazima, na kipande cha reli kikaning'inizwa mlangoni kiwe kengele. Mvua ya kwanza iliponyesha, paa la ofisi ya kijiji lilivuja na basi halikuingiza hata tone. Bibi, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuweza kumtania baba ana kwa ana, alimtania kwa kupitia kwa mwalimu. Akiwa katika kiti cha dirishani, kitabu magotini, alipaza sauti ili baba aliyekuwa akipalilia jirani asikie: "Mwalimu, basi lako hili linaondoka lini? Mimi nina mgonjwa Mombo." Wazee wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba naye alitabasamu, akainama, akaendelea kulima. Alijifunza kulima. Walimheshimu, walimwita fundi, wakamletea milango na vitanda. Ila nilikuwa nikimwona, gari likipita, jembe likisimama hewani kidogo kabla ya kushuka.

Korongo moja tu lilikuwa bado likipita njia yetu, lile la sauti ya mafua. Kila lilipopita lilipiga honi mara mbili, nadhani kwa mazoea ya dereva aliyeliona basi lenzake pale, na baba aliacha alichokuwa akifanya akaenda kuigonga reli. Mwalimu alilalamika mwanzoni kwamba anamvurugia darasa. Bibi ndiye aliyemnyamazisha: "Mwache aitikie. Mtoto akikuamkia utanyamaza?" Siku ile nilimwona baba akisimama kwa muda nyuma ya basi, mahali ambapo bibi asingemwona, akijifuta macho kwa kanzu kuukuu.

Kisha likaacha kupita. Mwezi, na mwingine.  Asubuhi moja, nikiwa nafagia uwanja, nikasikia trekta likija kutoka upande wa Handeni mjini. Nyuma yake lilikuwa limefungwa mnyororo, na mwisho wa mnyororo lilikuwa Korongo letu, vioo vimetolewa, viti vimetolewa, nembo puani imebaki na mguu mmoja wa ndege. Lilikuwa likivutwa kwenda Korogwe kuuzwa vyuma.

Baba alikuwa amekwisha kufika barabarani. Alisimama wima, mikono imelala ubavuni, kama tulivyosimama shuleni tukingoja bendera. Alikuwa akingoja. Nilijua anangoja nini, na nilijua, na nadhani naye alijua, kwamba betri ilikuwa imetolewa. Basi lilipita mbele yake likirukaruka juu ya mashimo, na halikusema kitu. Baba aliliangalia mpaka nyuma yake ikatupita. Ndipo akaenda mlangoni pa darasa, akaigonga reli mara moja, taratibu, na kwa sauti ndogo ambayo mimi peke yangu niliisikia akasema, "Marahaba, mwanetu."

Baba sasa amelala Handeni, katika makaburi ya ukoo wa mama, ambako hakutaka kwenda. Bodi lilioza, mbao zake zikaenda moja moja kwa waliozihitaji, na reli sijui iliko. Huko ng'ambo, katika mji usiotamkika, lazima kuna mtu wa umri wangu aliyelala zamani katikati ya harufu za wazazi wake, grisi na rangi, na ambaye hajui kwamba kuna mtu Korogwe aliyewaulizia wazazi wake.

Basi letu la Arusha liliondoka Korogwe bila kusimama. Kijana akasinzia tena. Dereva hakupiga tena honi, na mimi nilikuwa nimeweka masikio wazi mpaka tulipoiona milima ya Mombo.