Siku Tatu Mwanaasha Haitiki

Hebu niambieni, wanangu: mtu akipotelewa na mwana porini, afanye nini zaidi ya kumwita?

Mama mmoja, Masika, aliita. Aliita siku mbili nzima na asubuhi ya tatu, hapa kijijini Ole, msimu wa karafuu wa mwaka arubaini na tano. Pori likanyamaza.

Mwana mwenyewe Mwanaasha, miaka sita. Alitumwa kumpelekea baba yake, Himid, muhogo wa nazi kule alikokuwa akichuma. Si mbali. Ukipiga chafya uani, kule mikarafuuni unasikika.

Muhogo haukufika. Bakuli walilikuta kando ya njia, limewekwa vizuri, kawa juu yake.

Siku ya kwanza wachumaji wote waliteremka mitini.

"Mwanaasha weee!"

Kimya.

Siku ya pili maneno yakaanza. Mzee Ngwali, jirani yao, akasema, "Masika, mtoto aliye hai huitikia. Huyu kachukuliwa na mashetani wa pori. Tusome dua, tuwaachie wenyewe."

"Wenyewe nani? Mwenyewe ni mie."

Himid hakuinuka. Alikaa kizingitini akivunjavunja makonyo, vile vijiti vya karafuu.

Siku ya tatu walibaki watu saba. Karafuu zilishaanza kuchanua na kuharibika juu ya miti, na kila mtu ana wanawe wa kulisha. Masika hakuwalaumu.

"Sauti imekukauka kama konyo," shoga yake Mwatum akamwambia. "Kanywe japo uji, mie nimwite."

"Uji hautapita. Weye ita, mie n'tatazama."

Wakaachana. Masika akaingia vichakani, upande wa kiambo cha zamani kilichohamwa.

Punde akasikia nyuma ya miti: "Masika! Masika wee!"

Akasimama kimya, hata pumzi kaibana.

Mwatum akatokeza, majani kichwani, kanuna. "Mara tano nakwita. Umeziba masikio?"

"Sikuwa nakuona."

"Ndo usiitike?"

"Porini, Mwatum? Niitwe na nisiyemwona, niitike? Hata weye hungei..."

Hakumaliza. Akakaa chini palepale.

"Nani kamfunza mwanangu?" akasema. "Si mie? Tangu anajua kusema namwambia: pori likikwita, fyata ulimi, hata likiita kwa sauti ya mama yako. Mpaka uuone uso."

Mwatum akamkodolea macho. "Kwa hiyo sie tunavyoita..."

"Ndivyo tunavyomnyamazisha."

Kuita kukakoma. Wakaanza upya, kimya kimya, kila kichaka wanakifunua na kuingiza uso. Himid alitambaa mtaroni kwa tumbo. Mzee Ngwali naye akaja na fimbo yake, dua hakuitaja.

Alasiri Masika akafika nyuma ya kiambo kile, kwenye shimo walimokuwa wakichimba udongo wa kukandikia nyumba. Majani yamelifunika lote. Siku ya kwanza alisimama hatua kumi kutoka hapo, akaita mpaka akakohoa.

Sasa akalala kifudifudi, akayatenga majani, akaingiza kichwa.

Chini mlikuwa na macho mawili.

Mtoto yule ni mie.

Niliweka bakuli nikafuata mapera, nikatumbukia. Kuta zinateleza, sipandi. Nililamba maji ya mvua ya vuli. Na kila mwito niliusikia: wa baba, wa majirani, wa mama mpaka sauti ilipomkatika. Kila alipoita nilijiuma mkono, jibu lisinitoke.

Wanangu, mkimfunza mtoto kuogopa, mfunzeni na namna ya kuokolewa. Mama aliondoka duniani hajajisamehe, na mie sikumlaumu hata siku moja.

Pale shimoni hakuniita tena; alinisogezea uso. Machozi yake yakinidondokea usoni, nami namkagua: nyusi, kovu la kidevuni, jino lililomeguka. Nikamkagua tena. Nikaridhika kuwa ndiye.

"Labeka, mama," nikasema.