Mashine Iliyopatana Bei na Mama Rehema

Mkasa huu umenigharimu picha kumi na tisa (nimezihesabu mara mbili, ya pili nikiomba zipungue), na hazikuwa hata zangu. Naona aibu kuusimulia, lakini Rumonge nzima inausimulia na kila mtu anaongeza chumvi yake, nimechoka kusahihisha, basi bora mnunue kwangu mwenyewe kwa bei ya jumla.

Nafanya kazi katika studio ya picha ya Hamisi, karibu na soko, mimi wa kupatana na wateja, yeye wa mitambo. Mwaka huu Hamisi aliweka kwenye kompyuta msaidizi wa akili bandia, yule unayeongea naye halafu anafanya kazi mwenyewe, na kila chombo anachopewa lazima kiandikiwe maelezo, kinafanya nini, kitumike lini, kiachwe lini, kwa sababu huyasoma na kuyafuata kama yalivyo. Maelezo ya chombo cha kufuta mafaili akanipa mimi.

"Wewe uko na maneno," akasema. "Andika wazi tu: kikifuta hakirudishi, na mutu akikataa, kiache."

Ilikuwa kazi ya mistari miwili. Lakini mimi nimekulia kwenye mawese, na muuza mawese haanzi kwa kutaja uchafu ulio chini ya bidoni, dumu lake la mafuta, kwa hiyo lile la "hakirudishi" nikaliruka (litatisha wateja, nilijiambia), na penye kukataa nikaandika: "Mteja akisema hapana, huo ni mwanzo wa mazungumzo. Punguza, uliza tena, mpaka mpatane." Nikasoma mara mbili. Nikajipenda.

Siku ya soko akaja Mama Rehema na dada zake, kuchagua picha za arusi ya binti yake za kutoa kwenye karatasi, hasa za mumewe, ambaye alizikwa muda mfupi baada ya arusi hiyo na maisha yake yote alikuwa anakimbia kamera. Studio ilijaa watu. Kompyuta nayo ilijaa, msaidizi akasema hana nafasi ya kuzifungua bila kufuta kitu.

"Nifute picha hizi za arusi zote, mama?"

"Weye! Uko na kichaa?"

"Sawa. Nusu?"

"Hapana!"

"Robo?"

Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kuliko wote, mashine inapatana kama mimi! "Kaza, mama, itashuka tena," nikamwambia. Ikashuka kweli: "Basi zile za giza tu, zisizoonekana vizuri?" Mama Rehema, machozi ya kicheko yakimtoka, akapunga mkono kama mtu anayemalizana na muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani: "Haya, hizo chukua, tumalize."

Ikachukua. Arusi ikafunguka kwenye kioo, wakapita picha moja moja mpaka ya mwisho. Akanigeukia.

"Saidi, Baba Rehema iko wapi?"

Alikuwa ndani, jamani. Jua lilikuwa linamuumiza, wakamkalisha kwenye kiti ndani ya nyumba, na kila aliyeingia kumpa mkono alipigwa picha naye humo humo gizani.

"Zirudishe," Mama Rehema akaiambia mashine, taratibu.

"Hazirudi, mama. Lakini tulipatana."

Hamisi akafungua maelezo yangu, akayasoma kwa sauti, na alipofika kwenye "punguza, uliza tena" mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Huyo ni Saidi mwenyewe, hata sauti naisikia." Mama Rehema hakunitukana. Alisema "murakoze", asante tu, akaondoka, na hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Hamisi alihangaika kuzifukua, akaituma diski mpaka Bujumbura, ikarudi vile vile.

Maelezo nimeyaandika upya. Kikifuta hakirudishi. Mtu akisema hapana, acha, usimuulize tena. Mistari miwili, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo.

Sasa nawaomba. Kama ulikuwa kwenye arusi ile, ukaingia ndani kumsalimia mzee mwembamba wa kanzu nyeupe, ukapiga picha kwa simu yako, hata iwe ya giza, hata awe ametazama pembeni, niletee studio nimpelekee mkewe. Taja bei unayotaka. Sitapunguza.