Mustang Niliyoituliza

Mimi ni fundi wa Corolla hapa Jeppestown, na kiherehere ninacho. Juzi Papa Ilunga aliniachia Mustang yake ya zamani, injini V8, nibadilishe oili tu. Kuiwasha, ikatetemeka kama mgonjwa wa homa. Nikaionea huruma. Nikashinda nachezea kabureta na taimingi mpaka ikatulia kama friji.

Jioni Papa akaja na wenzake wa klabu ya magari. Nikasogea nipate shukrani zangu. Akasimamisha chupa ya soda juu ya boneti.

"Muangalie," akawaambia. "Humu ndani ya injini kuna kamshafti ya mashindano, niliagiza Amerika. Itatetemesha hii chupa mpaka ianguke."

Nikarudi hatua moja nyuma. Akawasha. Tukaitazama chupa. Hata soda ndani haikutikisika.

Papa akanigeukia polepole. "Fundi, nilisema oili."